Nani Atabeba Hasara? Sarafu za Kidijitali na Akiba ya Uzeeni

Tarehe 7 Agosti 2025 Rais wa Marekani, Donald Trump, alitia saini amri ya kiutendaji inayoitaka Wizara ya Kazi ya nchi hiyo ipitie upya miongozo yake kuhusu akaunti za akiba ya kustaafu, zile zinazojulikana kwa jina la 401(k). Lengo lililotajwa lilikuwa kuzifungulia akaunti hizo aina za uwekezaji ambazo kwa miaka mingi zilikaa pembeni: hisa za kampuni zisizouzwa katika soko la wazi, majengo, miundombinu, na mifuko inayowekeza katika sarafu za kidijitali kama bitcoin. Kwa maelezo ya amri yenyewe, zaidi ya Wamarekani milioni 90 wamo katika mipango ya namna hiyo kupitia waajiri wao. Haikumlazimisha mfanyakazi yeyote kununua chochote. Ilichofanya ni kulegeza komeo la mlango, na kila aliyewahi kuishi na watoto anajua kwamba mlango usio na komeo haukai siku nyingi bila kufunguliwa.

Msomaji wa Dodoma, Nairobi au Zanzibar anaweza kuuliza: ya Marekani yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, tunao ndugu wengi wanaofanya kazi huko, wanaokatwa mishahara kila mwezi kuingia katika akaunti hizohizo. Pili, fikra za sera husafiri. Linalozoeleka Washington huwasilishwa kwetu baada ya miaka michache kama ushauri wa kitaalamu. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, hapa nyumbani kuna hasira ya haki dhidi ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Vijana waliomaliza vyuo juzi wanasema waziwazi: “Kuliko kuwaachia hawa pesa zangu, heri ninunue bitcoin nikae nayo.” Kauli hiyo haifai kubezwa. Inafaa kujibiwa kwa hoja, na jibu lake haliwezi kupatikana kwa kubishana kama bei ya bitcoin itapanda au itashuka. Swali la msingi ni jingine: mambo yakienda mrama, ni nani atakayebeba hasara, na je, aliulizwa?

Tuanze na historia, maana akaunti ya 401(k) haikushuka kutoka mbinguni. Kwa miongo mingi mfanyakazi wa kiwanda kikubwa cha Marekani aliahidiwa pensheni na mwajiri wake: ukitumikia miaka kadhaa, utalipwa kiasi fulani kila mwezi hadi kufa. Ahadi hiyo ilikuwa nzuri maadamu mwajiri alikuwa hai. Desemba 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilitangaza kufunga kiwanda chake cha South Bend, Indiana, na maelfu ya wafanyakazi wakagundua kwamba mfuko wao wa pensheni haukuwa na fedha za kutosha kuwalipa. Wengine walipata sehemu ndogo ya walichoahidiwa. Wengine hawakupata kitu. Kilio hicho kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozaa sheria kubwa ya mwaka 1974 inayojulikana kwa kifupi cha ERISA. Sheria hiyo iliweka kanuni ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sera aikumbuke: anayesimamia fedha za uzeeni za watu wengine anapaswa kutenda kwa uangalifu wa mtu mwenye busara na ujuzi wa kazi hiyo, kwa manufaa ya wanachama pekee.

Miaka minne baadaye, mwaka 1978, Bunge la Marekani lilipitisha marekebisho ya sheria za kodi yaliyokuwa na kifungu kidogo kiitwacho 401(k). Wachache walikitilia maanani. Lakini kuanzia miaka ya 1980 waajiri waligundua kwamba kifungu hicho kinawapa njia ya kujivua mzigo. Badala ya kuahidi pensheni, mwajiri angechangia kiasi katika akaunti ya mfanyakazi, na mfanyakazi mwenyewe angechagua pa kuiwekeza. Akifanikiwa, faida ni yake. Akikosea, au soko likianguka mwaka anaostaafu, hasara pia ni yake. Hivyo ndivyo mzigo wa hatari ulivyohama, bila kelele, kutoka katika mabega ya kampuni hadi katika mabega ya mtu mmojammoja. Kuingizwa kwa sarafu za kidijitali katika akaunti hizo ni hatua nyingine katika safari hiyohiyo ndefu, wala si jambo geni lililozuka ghafla kwa sababu ya teknolojia.

Na onyo lilikwishatolewa. Kampuni ya nishati ya Enron ilipofilisika Desemba 2001, wafanyakazi wake walikuwa wamejaza akaunti zao za 401(k) hisa za kampuni hiyohiyo. Zaidi ya nusu ya mali yote iliyokuwamo ilikuwa hisa za Enron. Zilikuwa zimepanda hadi karibu dola 90 mwaka 2000. Kufikia mwisho wa 2001 hazikufika hata dola moja. Watu walipoteza kazi na akiba kwa mpigo. Hakuna aliyewaelekezea bunduki wanunue hisa zile. Walizinunua kwa sababu zilikuwa kwenye orodha, zilikuwa zinapanda, viongozi waliowaheshimu walizisifu, na kila mwenzao alikuwa nazo. Ndiyo maana mwaka 2006 Bunge lilitunga sheria ya kuwapa wafanyakazi haki ya kuziondoa fedha zao katika hisa za mwajiri na kuzitawanya kwingine. Somo la Enron ni kwamba neno “hiari” lina mipaka yake. Kitu kikiwekwa mezani na mwajiri, mfanyakazi wa kawaida hukiona kama kimekwishapimwa na wanaojua.

Mahakama ya Juu ya Marekani ililigusa jambo hili Januari 2022, katika shauri lililohusu mpango wa kustaafu wa Chuo Kikuu cha Northwestern. Majaji walikubaliana kwamba kuwapo kwa machaguo mazuri kwenye orodha hakumwondolei msimamizi wajibu wa kuyaondoa mabaya. Miezi miwili baadaye, tarehe 10 Machi 2022, Wizara ya Kazi ikatoa waraka unaowataka wasimamizi wa mipango hiyo wachukue “uangalifu wa hali ya juu kabisa” kabla ya kuingiza sarafu za kidijitali katika orodha zao. Kabla wino haujakauka, mwezi Aprili, kampuni ya Fidelity, mojawapo ya wasimamizi wakubwa kabisa wa akaunti hizo, ikatangaza kwamba itawawezesha waajiri kuwaruhusu wafanyakazi kuweka hadi asilimia 20 katika bitcoin. Kisha, tarehe 28 Mei 2025, Wizara ileile, chini ya uongozi mwingine, ikaufuta waraka wake, na Agosti ikaja amri ya Rais.

Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu waraka ule. Wapo waliosema ulivuka mipaka kwa kuweka kipimo ambacho sheria haikukitaja, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini kati ya mwaka 2022 na 2025 asili ya bitcoin haikubadilika. Kilichobadilika ni serikali. Uzee wa mfanyakazi huchukua miaka 40 kuuandaa na huenda miaka 20 au zaidi kuuishi. Mwongozo unaogeuka kila baada ya uchaguzi ni nguzo dhaifu ya kuuegemeza.

Sasa tuitazame mali yenyewe bila husuda wala mahaba. Bitcoin ni mfumo wa kuhesabu na kuhamisha thamani usio na benki kuu wala mmiliki mmoja. Idadi yake imewekewa kikomo cha milioni 21, na hilo ndilo linalowavutia wanaochukia serikali zinazochapa noti ovyo. Mfumo wenyewe umefanya kazi tangu 2009, na anayeuita upatu mtupu kama ule wa DECI uliowaliza Watanzania mwaka 2009 hajautendea haki. Katika DECI palikuwa na waendeshaji waliokusanya pesa za wapandaji wapya na kuwalipa wa zamani. Katika bitcoin hakuna mwendeshaji wa namna hiyo.

Hata hivyo, kwa upande wa uzeeni ina kasoro moja ya msingi: haizai. Hatifungani ya serikali hulipa riba kwa tarehe zilizotajwa. Nyumba hulipa kodi ya pango. Hisa ya kampuni yenye faida hulipa gawio. Hata bei zake zikishuka, mwenye subira huendelea kupokea chochote. Mwenye bitcoin hapokei kitu mpaka atakapompata mtu mwingine wa kuinunua kwa bei ya juu kuliko aliyonunulia yeye. Dhahabu nayo haizai, nakubali. Na ndiyo sababu mifuko ya pensheni yenye hekima haikuijengea dhahabu msingi wa ahadi zake.

Kasoro ya pili ni mitikisiko. Desemba 2017 bitcoin moja ilikaribia dola 20,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 4,000. Novemba 2021 ilifika karibu dola 69,000. Novemba 2022 ilikuwa chini ya dola 16,000. Mara mbili ndani ya miaka mitano ilipoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake. Ni kweli kwamba ilifufuka, na Desemba 2024 ilivuka dola 100,000. Mashabiki wake hutumia ukweli huo kama hoja ya kufungia mjadala: ungevumilia, ungetajirika. Lakini kuvumilia ni anasa ya mwenye muda. Kijana wa miaka 25 anaweza kungoja. Muuguzi aliyestaafu Novemba 2022, mwenye mtoto chuoni na nyumba isiyoezekwa, hakuwa na namna ya kumwambia fundi wa paa asubiri mpaka Desemba 2024.

Tufanye hesabu kwa mfano wa kufikirika. Mfanyakazi ana akiba ya shilingi milioni 60. Ameweka asilimia 20, yaani milioni 12, katika sarafu za kidijitali. Bei inaanguka kwa robo tatu. Milioni 12 zinakuwa milioni 3, na akiba yote inabaki milioni 51. Amepoteza milioni 9. Ili zile milioni 3 zirudi kuwa 12, bei lazima ipande mara nne, yaani ongezeko la asilimia 300. Kama angeweka asilimia 5 tu, angekuwa na milioni 3 zilizogeuka kuwa shilingi 750,000, na akiba yake ingebaki milioni 57.75. Hilo linauma, lakini haliui. Tofauti kati ya maumivu na maangamizi, kwa hiyo, imo katika kiasi. Hapo ndipo ninaposhangazwa na kikomo cha asilimia 20. Kwa mtu anayekaribia kustaafu, kiwango hicho kinakuwa dau.

Watetezi watasema kwamba hata hisa huanguka, na wana haki. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 soko la hisa la Marekani lilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Waliostaafu katika kipindi kile waliumia vibaya. Lakini hiyo ni sababu ya kuwakinga zaidi wazee dhidi ya mitikisiko. Haiwezi kuwa sababu ya kuwaongezea mingine. Nyumba ikiwa na ufa, hatuongezi wa pili ili zifanane.

Inafaa pia tutazame jinsi mifuko mikubwa, yenye wataalamu wa kulipwa, ilivyojaribu njia hii. Oktoba 2021 mfuko wa kustaafu wa wazima moto wa Houston ulitangaza kununua bitcoin na ether kwa dola milioni 25. Hiyo ilikuwa wiki chache tu kabla ya kilele cha bei. Mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario, Kanada, haukununua sarafu zenyewe, ila uliwekeza dola za Kimarekani milioni 95 katika FTX, soko la kubadilishia sarafu hizo. Novemba 2022 FTX ilifilisika, na mfuko ukaufuta uwekezaji wote katika vitabu vyake. Mwanzilishi wa FTX, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Machi 2024. Huko Quebec, taasisi ya CDPQ inayosimamia pensheni za umma ilifuta dola milioni 150 ilizowekeza katika kampuni ya ukopeshaji wa sarafu hizo iitwayo Celsius, nayo iliyofilisika Julai 2022. Kwa upande mwingine, bodi ya uwekezaji ya jimbo la Wisconsin iliingia katika mifuko ya bitcoin mwanzoni mwa 2024, mara baada ya mamlaka ya masoko kuiruhusu mifuko hiyo iuzwe katika soko la hisa, kisha ikatoka mwanzoni mwa 2025.

Katika simulizi hizi, la kuzingatia ni nini kilichowapata wastaafu. Walimu wa Ontario hawakukosa pensheni kwa sababu ya FTX. Hasara ile ilikuwa chini ya nusu ya sehemu moja katika elfu ya mali yote ya mfuko wao. Ilikuwa aibu, ikawa habari ya magazetini, ikazua maswali kwa bodi, na mwisho wa mwezi kila mstaafu akalipwa kama kawaida. Hiyo ndiyo maana ya hifadhi ya jamii. Hasara iliyogawanywa kwa watu laki tatu na zaidi, katika mfuko uliotawanya mali zake, ni mkwaruzo. Hasara ileile ikimwangukia mtu mmoja katika akaunti yake ya peke yake, ni msiba. Hivyo mfuko wa pamoja unaweza kujaribu kidogo na kukosea. Mtu binafsi hana nafasi hiyo, na ndiye huyo anayefunguliwa mlango.

Sasa nirudi nyumbani, kwenye ile kauli ya vijana. Hawakuitoa hewani. Watumishi wa umma wa Tanzania wanakumbuka vizuri sakata la kikokotoo. Mwaka 2018 mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya zikashusha mafao ya mkupuo hadi asilimia 25, ilhali kuna waliokuwa wakipata asilimia 50. Kelele zilikuwa kubwa, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli aliamuru kanuni ya zamani iendelee kwa kipindi cha mpito. Julai 2022 kikaja kikokotoo kingine cha asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ikapandisha tena, hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 na asilimia 35 kwa lililokuwa likipata 25. Mtumishi aliyepanga kujenga kwa mkupuo wake alibadilishiwa hesabu zaidi ya mara moja kabla hajafika mwisho wa safari. Anayeona hayo na kusema “siwaamini” ametoa hoja, na wenye mamlaka wanapaswa kuijibu.

Lakini kutoka katika hoja hiyo hadi kwenye bitcoin kuna pengo. Kikokotoo kilipobadilishwa, watumishi walijua wa kumlalamikia. Vyama vya wafanyakazi viliitwa Ikulu. Wabunge walisimama. Kanuni ilirudishwa, kisha ikaboreshwa, ingawa kwa kusuasua. Ilipobainika kwamba mfuko wa PSPF ulikuwa ukiwalipa mafao watumishi ambao kwa kipindi cha kabla ya Julai 1999 hawakuwahi kuchangia, deni lile lilikuwa na jina la mdaiwa, nayo ni Serikali. Na hatimaye Serikali ililazimika kutoa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kulifidia. Ilichelewa, na kuchelewa huko kulikuwa na gharama. Lakini deni lenye mdaiwa linaweza kudaiwa. Bitcoin ikianguka hakuna wa kumwita, hakuna bodi ya kuiwajibisha, hakuna bunge la kuuliza swali la nyongeza. Anayekimbia taasisi mbovu na kukimbilia mahali pasipo na taasisi kabisa ameuacha ugonjwa bila tiba, akaitupa na dawa yenyewe. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu umechanika, kweli. Kazi yetu ni kuushona.

Kuna hoja ya mfumuko wa bei, nayo ni nzito zaidi. Anayeweka akiba kwa shilingi kwa miaka 30 ana haki ya kuogopa kwamba shilingi ya mwisho haitanunua kile ilichonunua ya kwanza. Pensheni ya mwezi isiyopanda na bei za vitu hugeuka sadaka. Lakini mwaka 2022, bei za vyakula na mafuta zilipopanda duniani kote baada ya vita vya Ukraine, ndio mwaka uleule bitcoin ilipopoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Mwavuli uliofungwa siku ya mvua hauwezi kusifiwa kwa kufunguka wakati wa jua. Kinga ya kweli dhidi ya mfumuko ni mseto wa mali zinazozaa na sheria inayotaka pensheni ihuishwe kila baada ya muda maalumu kulingana na gharama za maisha. Hili la pili ni dai la kisiasa, na linahitaji vyama vya wafanyakazi vyenye meno.

Ipo hatimaye hoja ya uhuru: fedha ni zangu, nani anizuie? Hapa tutofautishe. Fedha ambayo mtu amebaki nayo mkononi baada ya makato, ni yake kwelikweli. Akitaka kununua shamba, ng’ombe, hisa au bitcoin, ni hiari yake, na dola haina sababu ya kumfanya mtoto. Mchango wa hifadhi ya jamii ni kitu kingine. Kwetu sheria inalazimisha asilimia 20 ya mshahara ichangwe. Katika PSSSF mwajiri hutoa 15 na mtumishi 5. Sababu pekee inayohalalisha kumlazimisha mtu mzima aweke akiba ni kumhakikishia kwamba hatazeeka bila chochote, na kwamba jamii haitalazimika kumchangia. Kumlazimisha aweke, kisha kumwachia au kumhimiza akaiweke mahali panapoweza kupoteza robo tatu kwa mwaka, ni kuivunja sababu hiyohiyo iliyokupa haki ya kumkata. Marekani nayo imo katika mkanganyiko huu: akaunti za 401(k) hupewa nafuu ya kodi, yaani walipa kodi wote wanazichangia, kwa sababu taifa linataka wazee wake wawe na kitu. Nafuu hiyo haikutolewa ili kugharimia bahati nasibu.

Kwetu mkanganyiko una sura yake. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu za kidijitali hazitambuliwi kwa malipo nchini. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya imekwenda mbali zaidi: Oktoba 2025 ilipata sheria mahsusi ya kuwasimamia watoa huduma za mali hizo. Kwetu tumeanza na kodi. Dola inayoitoza kodi biashara ina wajibu wa kumlinda raia ndani ya biashara hiyo, na kodi ikitangulia ulinzi, raia ana haki ya kuhoji mpangilio huo.

Kwa hiyo ninapendekeza nini? La kwanza, michango ya lazima ya hifadhi ya jamii isiguswe na sarafu za kidijitali. Miongozo ya uwekezaji ya mifuko yetu iseme hivyo kwa maandishi, ili siku bei ikipanda na bodi fulani ikapata hamasa, sheria iwe imewahi kufika kabla ya hamasa. La pili, katika mipango ya hiari, ile ambayo mtu huchangia juu ya mchango wa lazima, mlango usifunguliwe kabla ya kuwapo msimamizi mwenye leseni, utaratibu wa kuhifadhi funguo za sarafu, na kikomo kidogo kinachopungua kadiri umri wa kustaafu unavyokaribia. Mtu wa miaka 58 asiruhusiwe kubeba mzigo uliopimwa kwa mgongo wa mtu wa miaka 28. La tatu, ikiwa yatatokea makosa, mzigo usiishie kwa mwanachama peke yake. Mwajiri au mtoa huduma aliyeiweka bidhaa mezani na kula ada yake, awajibike kwa uzembe wake. La nne, na hili ndilo dawa ya mzizi, mifuko ichapishe kwa lugha inayoeleweka na kila mwanachama taarifa ya kila mwaka: tumewekeza wapi, tumepata nini, tunadai nani, na nani hajalipa. Vijana watarudisha imani yao wakiona hesabu. Hotuba hazitawarudisha.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani, ambao menyu ya mwajiri huenda ikawaletea chaguo hili katika miaka inayokuja, ningesema neno moja la kawaida kabisa. Ukichagua kuingia, ingia kwa kiasi ambacho kikipotea chote hakitaahirisha tarehe yako ya kustaafu hata kwa mwezi mmoja. Na kabla ya kutia tiki kwenye kisanduku, uliza ada inayotozwa. Katika akaunti inayokaa miaka 30, ada ndogo ya kila mwaka hula gogo bandu kwa bandu, iwe bei imepanda au imeshuka. Anayeipokea hapotezi kamwe.

Tunafundishwa tangu utotoni kwamba akiba haiozi. Methali hiyo ilisemwa na watu waliojua kuchagua ghala: walijenga juu ya nguzo, wakalifukizia moshi dhidi ya dumuzi, wakaliweka karibu na nyumba ili walione kila asubuhi. Ghala letu la pamoja linavuja na wachunguzi wake wamelala. Hilo lisemwe kwa sauti katika kila kikao cha wafanyakazi. Lakini nafaka ya uzee wetu bado imo humo, na kila anayejiita mwanaharakati wa haki za wafanyakazi ana kazi ya kufanya mlangoni pake kabla ya kumshauri mwenzake aihamishie juu ya upepo.